Kiti cha Wanasheria wa Sahil

Amur bin Nassor aliongoza Umoja wa Wanasheria wa Sahil kwa miaka kumi, mpaka alipopooza upande wa kulia mwezi wa Machi mwaka 2003. Kabla hata hajatolewa hospitali, watu walikuwa wakiulizana nani atakikalia kiti chake.

Umoja haukuwa chama kikubwa. Haukuwa na ofisi wala muhuri. Walikuwa watu thelathini na nne, Waomani waliozaliwa Unguja, Pemba, Tanga na Tabora, au watoto wa waliozaliwa huko walikokuita Sahil, waliosomea sheria Dar es Salaam, London, Moscow, na wadogo wao Cairo na Amman. Muscat walijikuta wakiitwa Zinjibari, watu wa Zanzibar, neno ambalo kwa mdomo mmoja lilikuwa nasaba tu na kwa mdomo mwingine tusi. Wakubwa wao waliijua sheria kwa Kiingereza. Kiarabu chao kilikuwa cha nyumbani na cha sokoni, na cha mahakamani ni kingine kabisa. Ndiyo maana wakaanza kukutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika majlis ya Amur, ukumbi wake wa wageni, Bawshar. Wenye Kiarabu kizuri wawasaidie wasio nacho, wakubwa wawafunze vijana namna ya kumhoji shahidi, na aliyedhalilishwa mahali apate pa kusemea.

Thabit bin Khalfan alikuwa mmoja wa waliouanzisha. Alikuwa na miaka hamsini na nne, mrefu, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na ofisi ya vyumba vitatu Ruwi. Alipokisikia kiti kimebaki kitupu hakumuuliza mtu. Aliona ni chake. Lakini hakukitaka kwa sababu ya kukizoea tu. Ilikuwa inasemekana kwamba karibuni kutaundwa chama cha mawakili wa nchi nzima, na kwamba mwenyekiti wa Umoja angealikwa kwenye kamati ya maandalizi. Thabit alikuwa amekaa Muscat miaka ishirini na saba akisimama nyuma ya watu. Alitaka, mara moja kabla ya kufa, aketi mbele.

Kulikuwa na siku moja ambayo hakuwahi kuisahau. Katikati ya miaka ya tisini, alipokuwa akisoma hoja zake mahakamani mbele ya mteja, ulimi ulimkwama mara tatu juu ya neno moja. Hakimu alimkatisha. Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko ukali, "Keti, ustadh. Mwachie binti asome."

Binti alikuwa Nasriya binti Salim, mwanasheria aliyekuwa chini yake ofisini. Alisimama akasoma, na kesi wakashinda.

Kwa miaka minane Nasriya ndiye aliyeandika kila karatasi ya Kiarabu iliyotoka katika ofisi ile. Thabit alimweleza hoja kwa Kiswahili na Kiingereza, naye akaziandika. Zile ambazo Thabit alilazimika kuzisoma mwenyewe, Nasriya alimtilia irabu kwa penseli juu ya kila herufi, kama anavyotiliwa mtoto wa chuo cha Kurani, halafu akaziacha chini ya kitabu mezani pake ili karani asizione. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka 2000 alimuaga kwa adabu, akafungua ofisi yake Al-Khuwair, na Thabit akamwombea dua.

Sasa Nasriya alikuwa na miaka thelathini na sita, na yeye pia alikuwa amejitokeza kukitaka kiti. Alikuwa katibu wa Umoja kwa miaka mitano. Vijana wote walikuwa upande wake, na wanawake wote sita.

Alimpigia simu Thabit kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

"Ami Thabit," alisema, "nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Na mie nagombea."

"Vizuri, mwanangu," Thabit alijibu. "Mwenyezi Mungu akutilie kheri."

Aliweka simu. Alifikiri: siku ya mkutano watu watauliza nani kati yetu ataweza kuusemea Umoja kwenye kamati kwa Kiarabu. Nasriya atasimama, na atasema. Atawaambia habari za penseli. Hakuwa na dalili yoyote kwamba Nasriya angefanya hivyo. Lakini yeye mwenyewe, angekuwa ndiye Nasriya, angefanya, na hilo lilimtosha.

Mwishoni mwa Aprili, baada ya sala ya alasiri, Talal alimpigia simu ofisini. Talal alikuwa rika lake, mshauri wa sheria katika benki moja, mtu aliyependa kuhesabu kura kama wengine wanavyopenda kucheza karata.

"Una kumi na tatu," Talal alisema. "Yeye ana kumi na nane. Wawili hawajasema. Hivi hivi hutoki, yakhe."

"Watu wazima wamekwenda wapi?"

"Watu wazima wanasema binti anaandika vizuri, anasema vizuri, na kwao ni watu wema. Baba yake marehemu Salim nani asiyemjua?"

 Nje, mafundi wa Kihindi walikuwa wakipakua mabomba kutoka kwenye gari. Thabit aliyatazama mpaka yakaisha.

"Baba yake wanamjua," alisema. "Mama yake je?"

"Mama yake ana nini?"

"Mie sisemi kitu. Mwanamke wa bara, Mnyamwezi. Anaitwa Masouda, lakini jina lake ni Pelagia. Nnasema tu, mtu akitaka kutuwakilisha mbele ya watu wa nchi, siye tunaotukanwa kila siku kwamba si Waarabu kamili, basi watu waulize kwanza."

 Talal alisema, kwa sauti iliyobadilika kidogo, "Watauliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Thabit hakurudia maneno yale kwa mtu mwingine, na baadaye alijaribu kujifariji kwa hilo. Lakini neno lilishatoka, na lilipofika mtaa wa Hail lilikuwa limeota miguu. Watu walisema Masouda aliletwa Muscat kuwa mpishi, na Salim akamwoa kwa kuona haya. Wengine walisema hajawahi kuwa mke wa ndoa, na kwamba vyeti vya watoto vilitengenezwa baadaye.

Yote hayo yalikuwa uongo, na hapana mtu aliyejua vizuri kuliko Thabit kuwa ni uongo.

Salim alikuwa Mwarabu wa Tabora, amezaliwa huko na baba yake kazaliwa huko. Alimwoa Masouda mwaka 1964 kwa mahari na mashahidi, mbele ya kadhi. Walihamia Muscat na watoto wao mwaka 1973. Thabit alipofika kutoka Dar es Salaam miaka mitatu baadaye, na shahada moja na sanduku moja, hakuwa na ndugu wa kumpokea. Salim alimkuta msikitini Matrah, akamchukua nyumbani kwake, na Thabit akakaa pale miezi minne. Alilala katika chumba cha wageni. Masouda alimpikia, alimfulia, na alipopata homa alimkalia. Nasriya alikuwa na miaka tisa, akimletea maji ya kunawa na kumuuliza Kiingereza cha kila kitu alichokiona.

Katikati ya Mei kulikuwa na hitima Hail, katika nyumba ya watu waliofiwa na bibi yao. Masouda alikwenda, kama alivyokwenda katika kila hitima ya watu wa Sahil kwa miaka thelathini. Alikuwa amezoeleka kusaidia jikoni. Kahawa yake ilisifiwa, na hapana aliyeona ajabu kumwona akipita na birika. Siku hiyo hakuwa jikoni. Magoti yalikuwa yakimuuma, akawa amekaa na wakubwa wenzake karibu na mlango, juzuu mkononi.

Kisomo kilipokwisha na chakula kikaanza kutandikwa, mwanamke mmoja mdogo aliyekaa upande wa pili wa chumba aliita kwa sauti, "Pelagia! Hebu tuletee maji ya kunawa."

 Wawili watatu walicheka ndani ya mitandio yao.

Masouda aliiweka juzuu juu ya mto. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, akarudi na birika na bakuli, akamnawisha yule mwanamke, na aliyekuwa karibu naye, na aliyefuata, mpaka mwisho wa safu. Halafu akachukua mkoba wake na kumpigia simu mwanawe wa kiume aje amchukue.

Siku mbili baadaye Nasriya alikwenda Ruwi. Karani alitaka kumtangaza, lakini alikwishapita. Thabit alikuwa peke yake, akisoma gazeti.

Nasriya hakukaa. Alikuwa na abaya yake nyeusi ya kazini na faili mkononi, kama anayetoka mahakamani.

"Ami, nimekuja kukuuliza jambo moja."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai. Jina la Pelagia umempa nani?"

Thabit alilikunja gazeti. "Jina gani?"

"Mie ni binti yake," Nasriya alisema, "na jina lile nilikuwa silijui. Ndugu yangu halijui. Mama alilivua alipoolewa, hakulitaja tena kwa mtu. Nilipomuuliza juzi nani hapa Muscat alikuwa akilijua, alisema ni wawili tu. Mmoja ni baba, na baba yuko kaburini mwaka wa kumi na moja."

Alingoja. Thabit alisikia mashine ya baridi ikinguruma ukutani. Alikuwa ametetea watu zaidi ya elfu katika maisha yake. Alijua vizuri sura ya mtu aliyefikiwa na ushahidi.

"Sikusema aletewe maji," alisema mwishowe. "Wallahi, Nasriya, sikukusudia yafike kwake."

"Ulikusudia yafike wapi?"

Thabit alilisogeza gazeti pembeni ya meza.

"Nilikaa miaka minane katika chumba kile pale," Nasriya alisema, akauonyesha mlango kwa faili lake. "Nilikujua kuliko mkeo. Nilikuwa na la kusema juu yako, Ami, na lingekuwa kweli. Halikunijia hata akilini. Sasa nnajiuliza kwa nini wewe la mama yangu lilikujia."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini sauti haikutetereka. Aligeuka akatoka. Thabit alimsikia akimuaga karani kwa heshima, kama kawaida yake.

Uchaguzi ulikuwa Alhamisi, tarehe tano Juni. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuogopesha. Watu walikimbia kutoka kwenye magari yao hadi ndani kama wanaokimbia mvua. Amur hakuwepo, bado hakuweza kukaa, lakini mwanawe aliwafungulia majlis. Wanawake walikaa upande wao, wanaume upande wao. Talal alikuwa amekata karatasi za kura kwa mkasi na kuzipanga ndani ya sahani ya halua iliyooshwa.

Kabla hajaanza kuzigawa, Nasriya alisimama.

"Nnajitoa," alisema. "Sitaki kusema sababu, na aijuaye anaijua. Vitabu vya Umoja na barua zote nimeziweka juu ya meza ile. Nakutakieni kheri."

Kijana mmoja aliinuka na kusema, "La, haiwezekani!" Lakini Nasriya alikwishavaa viatu. Mlango ulipofunguliwa hewa ya moto iliingia ndani, halafu ukafungwa.

Thabit angeweza kusimama. Kwa muda wa pumzi mbili tatu watu wote walikuwa wakimtazama, na alijua kwamba huu ndio wakati, na kwamba hautarudi. Alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Halafu Talal akasema, "Bismillah," na wakaanza kuandika.

Kura kumi na tisa zilikuwa na jina la Thabit. Kumi na tatu zilirudi tupu. Talal alizihesabu kwa sauti, tupu baada ya tupu, na hapana aliyepiga makofi mpaka yeye alipoanza kupiga.

Nyumbani, mkewe Shaikha alikuwa amemwekea chakula. Alikwishasikia, katika Bawshar habari hufika kabla ya gari.

"Umepata," alisema.

"Nimepata."

"Alhamdulillahi." Alimpakulia wali, akakaa upande wa pili wa sinia bila ya kula. Baada ya muda alisema, "Wanawake wanasema ni weye uliyelitoa lile jina."

"Wanawake wanasema mengi."

"Hukukaa kwake miezi minne, Thabit? Si weye uliyekuwa ukinihadithia tulipooana, kwamba isingekuwa yeye ungerudi Unguja ukafie jela?"

Thabit aliusukuma wali pembeni. Shaikha hakumuuliza tena, siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo, walipokuwa na wageni, aliacha kumsifu mbele ya watu kama alivyokuwa akifanya.

Uenyekiti wenyewe ulimletea alichokuwa akikitafuta. Mwezi wa Agosti alialikwa kwenye kikao cha kamati ya maandalizi, katika ukumbi wenye zulia zito na chupa za maji mbele ya kila mtu. Kulikuwa na kibao chenye jina lake. Aliketi mbele. Walijadili kwa saa mbili masharti ya uanachama, kwa Kiarabu cha vitabuni, haraka haraka, na Thabit alishika maneno kama mtu anayeokota tende zilizomwagika, hili analipata na hili linampita. Mwenyekiti wa kikao alipomgeukia na kuomba maoni ya ndugu zetu wa Sahil, alisema kwamba wanaunga mkono. Mjumbe mmoja kijana alitabasamu na kumsahihisha neno kwa sauti ndogo, bila ya ubaya wowote. Thabit alimshukuru. Kwenye gari, alikaa robo saa kabla ya kuliwasha.

Mwezi wa Septemba alisikia kwamba Masouda hatoki tena. Haendi hitima, haendi harusini, haendi hata sokoni Seeb alikokuwa akichagua samaki mwenyewe. Alisikia pia kwamba anazungumza na mwanawe kuhusu kurudi Tabora, kwa dada yake aliyebaki, na mtoto hataki kusikia.

Ijumaa moja baada ya sala, Thabit aliendesha gari mpaka Mabela. Nyumba ya watoto wa Salim ilikuwa mpya, katika mtaa ambao nusu ya viwanja vilikuwa bado mchanga na matofali. Gari la Nasriya halikuwepo, na alishukuru kwa hilo, kisha akajionea haya kwa kushukuru.

Masouda mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa amekonda. Alimtazama kwa muda, halafu akasogea kumpisha.

"Karibu, shemeji."

Alimkalisha sebuleni, akaenda jikoni, akarudi na kahawa na sahani ya tende. Alimmiminia kikombe, Thabit akakipokea. Mikono ya Masouda ilikuwa ileile aliyoikumbuka, mipana, na kovu la moto kwenye kidole gumba.

Thabit alikuwa amepanga maneno njiani, kama hoja, moja mbili tatu. Yote yalimpotea.

"Shemeji Masouda," alisema, "nimekuja kuomba msamaha."

"Nnajua kilichokuleta."

"Ni mie niliyelisema jina lako."

"Nnajua." Alikaa kwenye kochi mbele yake, taratibu, kwa ajili ya magoti. "Unaikumbuka siku niliyokuambia?"

Thabit aliikumbuka. Alikuwa Matrah, mwezi wa pili tangu afike, na barua ilikuwa imefika kwamba mama yake amekufa Unguja na amekwishazikwa. Hakuwa na mtu wa kulia naye. Salim alikuwa kazini.

"Ulikaa pale jikoni ukalia kama mtoto," Masouda alisema. "Ukasema wewe umeacha kila kitu, huna mtu aliyebaki kukuita vile alivyokuwa akikuita mama yako. Mimi nikakuambia, na mimi pia. Mama yangu aliniita Pelagia, na hapana tena duniani anayeniita hivyo. Nilikuambia ili ujue si wewe peke yako. Sikumwambia mtu mwingine, hata wanangu. Nilikupa wewe."

"Nnakumbuka."

"Halafu nikaitwa nalo niende kuleta maji." Alisema bila ya hasira, kama anayejaribu kulielewa jambo. "Kuleta maji si kitu. Nimeleta maji maisha yangu yote. Lakini lile jina, shemeji, lilikuwa la mama yangu. Sasa nikilikumbuka naisikia sauti ya yule mwanamke. Ya mama siisikii tena."

Thabit aliinamisha kichwa. Alijisikia akilia, na aliona haya kulia mbele yake kwa mara ya pili katika maisha yake.

"Nisamehe," alisema.

 Nje kulisikika mashine ya kuchanganya zege, hata siku ya Ijumaa.

"Salim angekusamehe," Masouda alisema. "Yeye alikuwa na moyo huo. Mimi nimejaribu, kila nikisali najaribu. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na kwa umri huu sitaki uongo. Kunywa kahawa yako inapoa."

Aliinywa. Ilikuwa na iliki na zafarani kidogo. Alipoinuka kuondoka, Masouda alimsindikiza mpaka mlangoni, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akamwambia amsalimie Shaikha.

Njiani kuelekea Bawshar aliamua la kufanya. Atasimama mbele ya Umoja na kusema mwenyewe, kwa kinywa chake. Atasema hadithi ya mpishi ni uongo, kwamba ndoa ilikuwa ndoa, kwamba yeye ndiye aliyeuwasha moto ule na kwa nini aliuwasha. Atasema na habari za penseli. Halafu atajiuzulu. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alilala mpaka alfajiri.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba, majlis ya Amur ilikuwa na nafasi nyingi. Watu kumi na saba ndio waliofika. Mwanamke hata mmoja hakuwepo. Vijana walikuwa wamekwisha kuacha kuja, mmoja baada ya mmoja, bila ya barua wala neno. Nasriya hakuwa amekanyaga tena tangu Juni. Mahakamani walipokutana naye kwenye ngazi alimtolea Thabit salamu anayotolewa Mwislamu yeyote, na kupita.

Thabit alisimama. Karatasi ilikuwa mfukoni lakini hakuitoa.

"Kabla ya ajenda," alisema, "nna jambo langu."

Akalisema lote. Alisema juu ya Matrah na miezi minne, juu ya simu ya Aprili, ingawa hakumtaja aliyekuwa upande wa pili. Alisema Masouda ni mke wa ndoa wa Salim bin Hamed, na yeyote aliyesema vingine amesema uongo ulioanzia kwake. Alisema kwamba hoja zake zote za Kiarabu kwa miaka minane ziliandikwa na Nasriya, na kwamba alimwogopa kwa ajili hiyo.  Aliitoa ile karatasi, barua ya kujiuzulu, akaiweka juu ya meza ndogo.

 Thabit aliwatazama usoni, mmoja mmoja. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira, kwa dharau, hata kwa mtu kuinuka na kutoka. Aliona watu wanaotazama vidole vyao. Mmoja aliangalia saa.

"Kwani nani alikuwa hajui?" mzee mmoja alisema taratibu, karibu na dirisha.

"Mlijua?"

"Habari za mke wa Salim siye tuliokuwa Tabora tunazijua. Na habari za karatasi zako, Thabit, kila hakimu anajua hoja zile ni mwandiko wa nani."

"Na mkanipigia kura?"

Mzee aligeukia dirishani. Thabit alielewa polepole. Watu kumi na saba hawa walikuwa katika wale kumi na tisa. Walioandika karatasi tupu ndio ambao hawakuja, na wao ndio aliotaka wamsikie. Hawa hawakudanganywa. Walipewa sababu ya kufanya walichotaka kufanya, wakaichukua, na hapana hata mmoja aliyeamini kwamba anahitaji kuombwa radhi.

Talal aliinua barua ya kujiuzulu kutoka mezani, akaikunja mara mbili bila ya kuisoma, akaitia chini ya faili la mwenyekiti.

"Tumekusikia, Mwenyekiti," alisema. "Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Jina lako limeshapelekwa kamatini na hatuna wa kumpeleka mwingine. Tuendelee. Ajenda ya pili."

Ajenda ya pili ilikuwa futari ya Umoja, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imebakia wiki chache: ifanyike wapi, na wapishi watafutwe wapi. Thabit alibaki amesimama. Walimngoja. Aliketi, akavaa miwani, akaisoma ajenda kwa sauti, nao wakaanza kujadili.